Njaa ya Aliyeshiba

Kuna njaa isiyoondoka kwa kula. Mtu amekaa mezani, amekula mkate, jibini, tambi na nyama, ameshiba hata hawezi kuongeza tonge, na bado moyoni mwake anasema kwamba hajala. Wazee wetu waliijua hali hii, na wale waliotoka makwao kwenda kukaa mbali wanaijua hadi leo. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza njaa hiyo. Je, mtu akikosa chakula cha kwao anakosa kitu gani hasa? Na je, anayo haki ya kukilalamikia? Wako wanaosema kuwa huo ni udhaifu, deko la mtu aliyekosa shida za kweli. Wako pia wanaosema kuwa ni uzalendo, tena uzalendo ulio safi kuliko wote kwa sababu unatoka tumboni. Sisi tunaona kuwa pande zote mbili zimekimbilia kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

Ili tusizungumze hewani, na tumfikirie kijana wa Kinole anayeishi Italia. Kinole ni mahali pa Waluguru, katika mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, upande ule unaopokea mvua zitokazo Bahari ya Hindi. Ndiko yaliko makao ya Kingalu, mkuu wa kimila ambaye jina lake hurithiwa kizazi hata kizazi, na ambaye zamani watu walimwendea kuomba mvua. Ardhi ya huko imeinama mno, hata mkulima huwa kama ameegemea mlima. Humo hustawi ndizi, magimbi, mihogo, machungwa, mananasi, na viungo kama karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki. Mtoto wa huko hasemi tu "ndizi". Huuliza ni ndizi ipi: ya kupika au ya kuivisha, mzuzu au kisukari, mkono wa tembo au bukoba. Sasa mtoto huyo amefika katika mji ambamo dukani kuna ndizi ya aina moja tu, ndefu, ya njano, yenye kibandiko, nayo huliwa mbichi baada ya chakula kana kwamba ni peremende.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema habari za ulimi tu. Lakini Waluguru ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na kwa desturi shamba linalomlisha ni la ukoo huo. Kwa hiyo gimbi alilopewa alipokuwa mdogo halikutoka katika ardhi isiyo na jina. Lilitoka katika ardhi iliyomtaja yeye ni nani, ilhali mkono uliolichimba ulikuwa wa mama, au wa mama mkubwa, au wa bibi. Chakula hicho kilikuwa kama cheti cha kuzaliwa, ila kilikuwa cheti cha kuliwa. Anapokikosa, anakosa mahali ambapo haulizwi yeye ni wa nani. Hili ndilo jibu letu la kwanza, nalo si dogo. Mgeni katika nchi ya watu huulizwa swali hilo kila siku: ofisini kwa maafisa wa uhamiaji, dukani, hata katika basi, kwa jicho tu.

Wala tusidhani kwamba njaa hii ilianza na safari za ndege. Watu wa Morogoro waliionja zamani, katika mashamba ya mkonge, ambako kibarua alipewa posho ya unga kwa kipimo, siku baada ya siku, awe ametoka nchi ya ndizi au ya mtama. Na kabla ya hapo ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Morogoro ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza tarehe 26 Agosti 1916, na vita vikaendelea kuizunguka milima ya Uluguru huku Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini. Mizigo ya vita hivyo ilibebwa vichwani mwa wachukuzi wa Kiafrika, mamia ya maelfu kwa jumla. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Wengi walikufa, tena wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Miongoni mwa waliodhoofika sana walikuwa watu wa nchi za ndizi, kama vile Buganda, waliopewa unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea, na ambao njiani mara nyingi haukupata kuni wala muda wa kuiva. Anayeiita njaa ya chakula cha kwao deko na akumbuke makaburi hayo yasiyo na majina.

Tuje sasa Italia yenyewe. Miongoni mwa Watanzania waliotangulia kukaa huko walikuwa watu wa Kanisa. Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya, ambako ndizi ndiyo chakula chenyewe, alisoma Roma kabla ya kupewa uaskofu, na mwaka 1960 akawa Kardinali. Baada yake wamekwenda mapadre na masista wengi. Wamekwenda pia wanafunzi, ambao baadhi yao walianza kwa kujifunza lugha katika Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia. Wafanyakazi wa balozi na wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, maana makao makuu ya shirika la chakula na kilimo, FAO, yako Roma tangu mwaka 1951. Na watu wa kawaida waliokwenda kutafuta riziki katika miji kama Roma na Napoli.

Watu hawa hawakukaa na kulia tu. Walitafuta. Na jambo walilolipata linastahili kufikiriwa vizuri, kwa sababu linatoa fundisho ambalo wao wenyewe hawakulitazamia. Katika maduka ya Italia upo unga wa mahindi. Wenyeji wa kaskazini mwa nchi hiyo huusonga kwa maji na chumvi juu ya moto, kwa mwiko, mpaka ushikamane, kisha huumimina juu ya ubao. Wanauita polenta. Mtanzania akiutazama hahitaji mkalimani. Lakini unga huo aghalabu ni wa njano! Wasomaji wenye umri watakumbuka habari ya unga wa njano nchini mwetu. Katika uhaba wa chakula wa miaka ya 1974 na 1975, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliagiza mahindi kutoka ng'ambo, na mengi yakawa ya njano. Watu wakaupa unga wake jina la Yanga, kwa rangi ya jezi za timu, wakaula huku wakiunung'unikia. Ulikuwa unga wa foleni, unga wa dhiki. Basi unga uleule, ambao nyumbani ulidharauliwa, ukawa ugenini ndio unaotafutwa kwa hamu, unaosongwa Jumapili, unaoalikiwa watu. Haukubadilika kitu. Aliyebadilika ni mlaji, au tuseme umbali wake kutoka nyumbani.

Tunajifunza hapo kwamba utamu wa chakula cha kwetu haumo ndani ya chakula peke yake. Na tukiendelea kuchimba tutakuta kwamba hata hilo neno "chakula cha kwetu" halisimami wima kama tunavyodhani. Mahindi si ya Uluguru wala si ya Italia. Ni mmea wa Amerika, ambao Wazungu waliuchukua baada ya safari za Kolombo; ulifika Veneto katika karne ya 16, na pwani yetu uliletwa katika zama za Wareno. Muhogo ulitoka Brazili. Nyanya, ambayo leo mtu hawezi kumfikiria Mwitaliano bila hiyo, ni ya Amerika pia. Ndizi na magimbi asili yake ni Asia ya kusini na mashariki, ingawa vimekaa Afrika muda mrefu sana. Karafuu za milimani zina ukoo mmoja na zile za Unguja, ambazo zilitoka visiwa vya Maluku. Mtu akitaka kula chakula cha asili tupu atalala njaa, awe Kinole au Roma.

Je, basi tuseme kwamba hakuna chakula cha kwetu? Hasha. Mahindi yalikuwa ya wageni mpaka pale watu walipoyapatia elimu yao: wakati wa kuyapanda, namna ya kuyakoboa, mboga ya kuyasindikiza. Ubaya wa chakula kilichohama bila elimu yake unaonekana vizuri katika historia ya Italia yenyewe. Wakulima maskini wa Veneto na Lombardia, katika karne ya 18 na ya 19, walifikia hali ya kula polenta karibu peke yake, kwa kuwa nyama, maziwa na ngano vilikwenda kwa wenye ardhi. Wakapatwa na ugonjwa wa kuchubuka ngozi, kuharisha na kuvurugikiwa akili, na wengi wakafa. Mwaka 1771 daktari Francesco Frapolli wa Milano aliuandika kwa jina la pellagra, yaani ngozi kavu yenye kukwaruza. Baadaye sana ikajulikana kuwa mahindi yana vitamini ya niasini iliyofungika, ambayo mwili hauwezi kuipata kwa urahisi. Wenyeji wa Meksiko, wenye mahindi yao, huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na hivyo huifungua. Wazungu walibeba punje wakaiacha elimu. Huku kwetu mwenye kunde, mboga za majani na dagaa pembeni ya ugali aliepukana na balaa hilo, na aliyenyimwa vitu hivyo hakuepukana nalo. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba ugali wa Italia "haukamiliki" bila kisamvu au mlenda, asemacho si upuuzi wa ulimi. Anaitetea elimu bila kujua.

Kuna jambo chungu zaidi ndani ya ile ndizi yenye kibandiko. Mwaka 1935 serikali ya Kifashisti ya Italia iliweka ukiritimba wa biashara ya ndizi, na ndizi hizo zilitoka Somalia, katika mabonde ya mito ya Shebelle na Juba, ambako watu walilimishwa kwa shuruti katika mashamba ya walowezi. Mtoto wa Roma alifundishwa kuipenda ndizi kwa jasho la Mwafrika wa Mashariki. Nao Wasomali walibaki na tambi. Leo Msomali huzila tambi kama chakula cha nyumbani kwao, na hupenda kuweka ndizi kando ya sahani. Akifika Roma na kupewa sahani ya tambi, je, yuko ugenini au nyumbani? Kama angezikataa kwa kuwa zililetwa na mtawala, angemkataa pia mama yake aliyempikia. Sisi hatuoni kuwa ana wajibu wa kuzikataa. Ana wajibu wa kuijua habari yake, na hilo ni jambo jingine.

Hapa yafaa tugeuze macho kidogo, maana wageni waliokuja kwetu nao walikuwa na njaa hiyohiyo, na hakuna aliyewaita wenye deko. Upande wa magharibi wa Uluguru, huko Mgeta, wamisionari na walowezi walitaka kabeji, karoti, viazi na matunda ya nchi za baridi. Hali ya hewa ya mlimani iliwakubalia, na mpaka leo mboga za Mgeta huteremshwa kwa magunia kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Zabibu za Dodoma nazo zina habari inayofanana na hiyo katika bustani za misheni. Huko Malindi, pwani ya Kenya, Waitaliano walianza kuzoea kufika baada ya kituo chao cha kurushia roketi cha San Marco kuwekwa katika ghuba ya Ungwana katika miaka ya 1960; wakaja na mikahawa yao, jibini yao na kahawa yao, hata mwenyeji wa Malindi akajifunza Kiitaliano ili auze samaki. Njaa ya mwenye nguvu hugeuza mashamba na masoko ya watu wengine, na ikaitwa ustaarabu. Njaa ya mnyonge huchekwa, na ikaitwa ushamba. Kijana wetu anayejifungia chumbani Perugia ale ugali kwa mkono asionekane ameipokea hukumu hiyo bila kuihoji. Mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ukoloni ulitufanya tuone kuwa hatuna utamaduni wenye thamani. Watu wengi walidhani anasema juu ya ngoma. Tungethubutu kusema kuwa ngoma ilikuwa nyepesi kurudishwa kuliko kidole mezani.

Lakini tusimpambe mno kijana huyu, kwa maana liko swali ambalo hapendi kuulizwa. Anapokumbuka magimbi ya Kinole, anakumbuka nini hasa? Anakumbuka sahani ikifika. Hakumbuki kuni zilizoshuka kutoka mlimani juu ya kichwa cha dada yake, wala maji, wala mgongo wa mama ulioinama katika shamba lililoinama. Hakumbuki kisamvu kilivyotwangwa, tui likikamuliwa, moshi ukiwatoa watu machozi. Kumbukumbu yake imeondoa kazi yote ikabakiza ladha. Huo ndio udhaifu wa njaa hii kwa upande wa maadili. Siyo kwamba anatamani, ila anatamani kile ambacho wengine walimlipia, na deni hilo hajalihesabu. Wapo wanaume waliofika Ulaya wakiwa hawajapata kushika mwiko. Mara ya kwanza kusonga ugali katika chumba cha kupanga, unga ukafanya madonge, mkono ukauma, na ugali ukawa mbichi katikati. Tunaamini kwamba dakika ile ilikuwa na elimu kuliko mihadhara mingi. Ugenini mwanamume hupika, hana budi, na wapo waliokuja kuandika barua za kuomba maelezo kwa dada zao waliokuwa wakiwatuma maji. Tungependa walimu wanaosoma kurasa hizi wawaulize wanafunzi wao, wavulana hasa, kama njia ya kuujua wajibu huo lazima ipitie uwanja wa ndege.

Limebaki swali la mwenyeji. Kumtamani mama yako si ruhusa ya kumtukana mama wa mwenzako. Tumesikia Watanzania wakitoka nchi za nje na kusimulia kwa kicheko vyakula vya huko: jibini yenye ukungu, konokono, nyama isiyoiva. Kicheko hicho hakitofautiani na kile cha mkoloni aliyeandika kuwa sisi tunakula panzi na kumbikumbi. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Methali hii haikumwambia mtu alitoboe jicho lake, ilimwambia alifumbe kwa muda. Mtu aweza kuketi mezani kwa Mwitaliano, akala alichopewa kwa heshima, akasifu kwa haki kilicho kitamu (na vingi ni vitamu, tusifiche, mafuta ya zeituni juu ya mkate wa moto si jambo la kudharauliwa hata kidogo), na asiwe amemsaliti yeyote. Dini ya mlaji nayo ina sauti yake, kwani nguruwe na divai vimo katika sahani nyingi za huko, na Mwislamu wa Kinole hawezi kuambiwa afumbe jicho katika hilo. Hapo adabu ni kueleza mapema na kwa upole, na mwenyeji mwenye utu huelewa.

Na itafika siku kijana atarudi likizo. Atapanda gari kutoka Morogoro mpaka milimani, njia ya vumbi au ya tope kwa kadiri ya majira, huku njiani kote akiwaza magimbi. Nyumbani wamepata habari ya kuja kwake siku nyingi. Wamekaa wakashauriana: huyu anatoka Italia, hatuwezi kumpa magimbi, tutaaibika. Wamechinja jogoo. Wamemtuma mtoto dukani kununua mchele, na kwa kuwa wamesikia kwamba Waitaliano hula tambi, wamenunua na tambi pia, kwa fedha ambayo ilikuwa na kazi nyingine. Sahani inawekwa mbele yake, na watu wote wanamtazama usoni. Itampasa ale, ashukuru, aombe na nyongeza. Magimbi atayaomba kesho yake asubuhi, jikoni, kwa bibi yake, kwa sauti ya chini, na yeye ndiye atakayekwenda kuyachimba.